Mlima Ndio Kijiwe

Wilayani Ngara baiskeli hupandwa nusu ya safari. Nusu iliyobaki husukumwa. Ukitoka bondeni unapanda, ukimaliza kupanda unateremka, na pale unapodhani umepata tambarare ya kukaa kitako na kukanyaga, barabara inakata kona na mlima mwingine unakusubiri. Mji wenyewe wa Ngara uko juu. Asubuhi ukungu ukishaondoka unaviona vilima vya Burundi upande mmoja na vya Rwanda upande mwingine, vyote vimejaa migomba, na macho peke yake hayawezi kukwambia nchi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi.

Tulifika huko watatu kutoka Tanga, watu wa kundi moja la baiskeli za Jumapili. Mmoja ni mwalimu mstaafu wa hesabu, ambaye hawezi kuona mteremko bila kuukadiria kwa asilimia. Wa pili ni fundi cherehani. Wa tatu ni mimi, ambaye kazi yangu kundini ni kubishana na hao wawili. Tanga baiskeli ni mali ya kila nyumba: anayekwenda sokoni anayo, anayekwenda msikitini anayo, na mzee wa Ngamiani anaweza kuzunguka barabara zote za namba bila kunyanyuka kwenye siti. Nchi ni bapa. Adui zetu ni jua na upepo wa kusi. Kwa sababu hiyo, tukiwa barabarani tunaendesha tu: salamu ni kengele, na maneno tunayawekea akiba mpaka tufike kwenye kahawa.

Ngara mambo yamepangwa kinyume. Tulilijua hilo siku tuliyopanda kutoka upande wa Kabanga kuelekea mjini. Mbele yetu kulikuwa na wanaume wanane au tisa, kila mmoja na Phoenix yake imebeba mikungu ya ndizi: miwili ubavu huu wa keria, miwili ubavu ule, na mmoja juu, yote imefungwa kwa vipande vya tyubu kuukuu vilivyovutwa mpaka vikalia. Mkono mmoja usukanini, mwingine umeshika fimbo iliyofungwa nyuma ya siti kwa ajili ya kusukumia. Walikuwa wakipeleka mzigo barabarani, magari ya kwenda Kahama na Mwanza yaupakie. Sisi na gia zetu ishirini na ushee tulifika nyuma yao tukihema, tukashindwa kuwapita, tukashuka. Hapo ndipo tulipokaribishwa.

"Shikamooni wazee," alisema kijana wa mwisho kwenye mstari.

"Marahaba."

"Poleni sana. Mmeumia wapi?"

"Hatujaumia, kwani vipi?"

"Naona mmefungwa bandeji mpaka mapajani."

Alikuwa anasema kaptula zetu za kubana. Fundi wetu, ambaye alizishona kwa mkono wake mwenyewe, alijitetea kwamba ni nguo za kazi, na kwamba ndani ameweka sponji. Sponji ya nini? Ya kukalia. Jibu hilo lilipokewa kwa kicheko kilichopita kutoka baiskeli hadi baiskeli mpaka mbele kabisa, na baada ya muda jibu likarudi kutoka kwa mzee aliyeongoza mstari, sauti yake ikiwa nzima wala haihemi. "Mwambieni fundi anishonee na mimi. Ila sponji aiweke begani, maana mimi baiskeli siikalii, naisukuma."

Kuanzia hapo mlima uliobaki ulikuwa wa maneno. Mstari ule ulikuwa mrefu kiasi kwamba wa mbele hakuweza kumsikia wa nyuma, kwa hiyo kila neno lilipitishwa mkononi, na lilipofika mwisho lilikuwa limeshaongezwa chumvi. Tulisikia bei ya mkungu siku hiyo, na ubaya wa madalali. Tulisikia kwamba mtoto wa mwenzao amechaguliwa kwenda kidato cha tano mkoa wa mbali na sasa anatakiwa godoro, ndoo na nauli. Tulisikia habari za mke fulani aliyerudi kwao, na kila mmoja akatoa hukumu yake, mpaka ikagundulika kwamba hata kurudi hakurudi, alikwenda kumuuguza mama yake. Mwalimu alipouliza kama kabila la wasafirishaji wa ndizi ni Wahangaza au Washubi, mzee wa mbele akatuma jibu: "Mwambieni watu wanadanganywa kwamba Wasukuma wako Shinyanga. Wasukuma ni sisi, tunasukuma kila siku."

Kileleni kila mtu aliegemeza baiskeli kwa fimbo yake, akafuta jasho, akanywa maji. Kisha wakapanda. Mteremko una heshima yake. Breki za vyuma haziwezi kusimamisha mikungu mitano, kwa hiyo mguu uliovaa katambuga hubanwa kwenye tairi la nyuma, na raba ya kiatu hulia njia nzima mpaka bondeni. Hakuna aliyezungumza tena. Nilitambua hapo kwamba watu wa Ngara wameigawa barabara yao: kushuka ni kwa ajili ya kuishi, na kupanda ni kwa ajili ya kuongea.

Jioni tulikaa kwa fundi baiskeli mmoja mjini, chini ya mparachichi, jirani na mama lishe aliyekuwa na ndizi zilizopikwa pamoja na maharage. Ndizi za Ngara zina uzito ambao sisi watu wa wali wa nazi hatuujui. Sahani moja inakushikilia mpaka kesho. Maparachichi yalikuwa yakidondoka wenyewe, na mama lishe akayakata juu ya chakula bila kuuliza wala kuhesabu. Redio ilikuwa imefunguliwa Radio Kwizera, kituo kilichoanzishwa na Wajesuiti mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi na ambacho leo ni cha kila mtu. Fundi alikuwa na baiskeli tatu mbele yake, zote zikiugua friwili, na wenye baiskeli wamekaa kwenye benchi wakimsimamia kwa mdomo.

Kijana mmoja alikuwa na video kwenye simu. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuletwa Afrika, na kwa watu wa Ngara hilo lilikuwa jambo la jirani: kutoka daraja la Rusumo mpaka Kigali ni safari ya saa chache za basi. Siku ya mwisho, tarehe 28, wanaume walikimbia kilomita zaidi ya 260 kwenye milima ya jiji lile, na Mslovenia Tadej Pogačar akafika wa kwanza, peke yake. Kijana aliionyesha video ile kwa fahari ya mtu aliyekuwepo. Benchi lote liliinama kwenye kioo.

"Huyu akija hapa," alisema mwenye Phoenix ya kwanza, "nampa baiskeli yangu na mikungu mitano, tuanzie Kabanga. Nataka nimwone kileleni."

Hapo mwalimu aliingilia, na kosa la kumruhusu mwalimu wa hesabu kuingilia mazungumzo linajulikana. Alieleza kwamba sheria za mbio hizo haziruhusu baiskeli kuwa na uzito chini ya kilo 6.8, na kwamba wanaoshindana hujitahidi kuukaribia uzito huo.

"Kilo sita?" Fundi aliinua kichwa. "Keria peke yake na kufuli langu ni zaidi ya hapo. Upepo ukivuma anaishika na nani?"

Mwalimu aliendelea: nyuma ya wakimbiaji kuna magari yenye mafundi na baiskeli za akiba. Hilo lilimgusa fundi kuliko ushindi wenyewe. Alisimama, akaitazama tindo yake, akatutazama sisi. "Kwa hiyo huko fundi anapanda gari na mwenye mbio anapanda baiskeli. Hapa mwenye baiskeli anakaa kwenye benchi na fundi yuko chini. Kuna mahali tulikosea."

Mjadala ule, wa Pogačar na mikungu mitano, haukuisha jioni ile. Tuliondoka nao. Kila kijiwe tulichofika baada ya hapo tuliuweka mezani, na kila kijiwe kilitoa hukumu yake.

Kabanga, kwenye mpaka wa Burundi, waamuzi walikuwa watu wanaovuka kila siku kupitia Kobero. Kwa miaka ya karibuni Burundi imekuwa na uhaba mkubwa wa mafuta, foleni kwenye vituo zinajulikana, na kazi nyingi iliyokuwa ya pikipiki imerudi kwa baiskeli. Mrundi mmoja, mwenye misuli ya mashavu ya miguu ambayo fundi wetu aliipima kwa macho ya kitaalamu na kusema kaptula ya kawaida haimtoshi, alituambia kwamba kwao Mslovenia asingeshangaza mtu. Njia ya kutoka Bugarama kushuka Bujumbura imejaa vijana wenye mizigo ya ndizi wanaoteremka kwa mwendo ambao gari linauogopa, na kurudi juu wanang'ang'ania nyuma ya malori. "Yeye alipanda bila kushika lori?" aliuliza. Tukamwambia ndiyo. "Basi ni mjinga au hana haraka."

Daraja la Rusumo tulikwenda kuliona kwa sababu mtu hawezi kufika Ngara asilione. Mto Ruvubu unakutana na Kagera karibu na hapo, maji yanabanwa kati ya miamba na kuporomoka, na sasa sehemu ya nguvu hiyo inazalisha umeme wa megawati 80 unaogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Lakini kwa mpanda baiskeli mambo mawili ya daraja hili yanapita yote. Kwanza, upande wetu tunaendesha kushoto na ng'ambo wanaendesha kulia, kwa hiyo hapa pana mahali ambapo kila chombo lazima kibadili upande wa maisha yake. Pili, saa ya ng'ambo iko nyuma kwa saa moja. Mwanamume mmoja anayevusha bidhaa ndogondogo alituambia kwamba ameishi na mambo hayo tangu utoto, na faida yake anaijua: "Nikichelewa huku, navuka, nafika mapema." Mkewe, aliyekuwa akipanga nyanya pembeni, alisema naye anaijua hasara yake: mume akirudi usiku, kila siku saa anayoitaja ni ya Rwanda.

Ng'ambo, walituambia, baiskeli hazitakiwi barabarani usiku, na polisi hawana utani katika hilo. Vijana wa upande wetu waliwacheka wenzao kwa kufungiwa kama kuku. Wenzao, waliokuwa wamekaa hapohapo wakisubiri mzigo, walijibu kwamba kuku aliyefungiwa haliwi na mnyama, na kwamba wao wamewahi kuona jinsi malori yanavyopita Benaco saa mbili usiku. Kwa hilo kijiwe kizima kilinyamaza kidogo, kwa kuwa kila mtu alikuwa anamjua mtu.

Pale pale, mzee mmoja wa Kasulo aliyekuwa akisikiliza tu alianza kusema. Alikuwa kijana mwaka 1994, na baiskeli yake ilikuwa Swala, zile zilizotengenezwa hapa nchini. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka ule, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja lile kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia nchi yao, na Benaco, ambayo ilikuwa porini, ikageuka mji mkubwa kuliko miji yote ya Kagera. Alikuwa akipeleka ndizi akazikuta baiskeli njiani. "Sijaona tena baiskeli nyingi kiasi kile," alisema. "Zimebeba magodoro, watoto, cherehani, sufuria. Zote zinasukumwa. Na hakuna aliyekuwa anaongea. Barabara imejaa watu na unasikia cheni tu." Hakuuza ndizi zake siku hiyo. Baadaye kambi ilipotulia aliuza sana, akajenga, na miti ya vilima vile ikaisha kwa kuni. Mwishoni mwa mwaka 1996 serikali ikawataka warudi kwao, na barabara ileile ikajaa tena upande wa pili.

Tulimwuliza, kwa adabu, kuhusu Pogačar. Alitabasamu akasema kijana yule anastahili medali yake, kwa kuwa alipanda milima kwa hiari.

Kutoka Benaco kuelekea Nyakahura na Lusahunga barabara ni ya malori. Mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo inapita hapa ikitoka bandari ya Dar es Salaam, na mwendesha baiskeli hana rafiki kwenye lami hiyo. Honi ikilia nyuma unatoka, hata kama pembeni ni changarawe. Tuliendesha mmoja nyuma ya mwenzake, midomo imefungwa, masikio yote nyuma. Mwalimu hakutaja asilimia hata moja. Kwenye kupanda tuliwaona vijana wakidaka minyororo ya matela na kuvutwa, mkono mmoja kwenye lori, mwingine usukanini, miguu imetulia juu ya pedeli. Mmoja alitupungia kwa kidevu. Ndio mlima pekee niliouona katika safari hii ambao watu waliupanda bila kushuka, na ndio pekee ambao haukuwa na neno.

Nyakahura, ambako tayari uko wilaya ya Biharamulo, tulikunywa chai na kupumzisha masikio. Hapo alifika dada mmoja, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, juu ya baiskeli ya kike yenye kikapu mbele na begi la vipimo nyuma. Aliisimamisha kwa stendi, akaagiza chapati, akatazama baiskeli zetu moja baada ya nyingine.

"Keria ziko wapi?"

"Hizi ni za mbio, dada yangu. Hazina keria."

"Sasa wake zenu mnawapakia wapi?"

Mwalimu alisema mkewe haendi mbio. Dada alimjibu kwamba hilo analiona, angekuwa anakwenda mbio asingemwacha aje mpaka Nyakahura amevaa vile. Mama wa chai ilibidi aweke birika chini.

Kazi yake ni kuzunguka vitongoji: kina mama wajawazito, watoto wa kupima uzito, wazee wanaomeza dawa. Baiskeli, alisema, ilimletea maneno mwanzoni. Mwanamke juu ya baiskeli, tena anapita mbele ya vilabu vya pombe? Lakini vijiji vimehamiwa na watu wengi kutoka Usukumani, ambako mwanamke kupanda baiskeli kwenda mnadani ni jambo la jana na juzi, na polepole macho yakazoea. Sasa shida ni nyingine: kila anayemwona anamsimamisha amwonyeshe jipu. Kwa bodaboda angefika nyumba nyingi zaidi, alikiri. "Ila nyumba ambazo mama amejificha na mimba ya pili wakati mtoto bado ananyonya, boda haizigundui. Mimi nikipita naulizwa habari ya wapi, nasimama, naambiwa mwenyewe."

Tulimweleza kesi ya Mslovenia. Alisikiliza mpaka mwisho, akitafuna. "Akishamaliza hizo kilomita, anakwenda wapi?"

"Hotelini."

"Anamkuta nani amepika?"

"Wapishi wapo."

"Basi mshindi simwoni. Hawa wenu wa ndizi nao wakifika nyumbani wanakuta ugali. Mimi nikifika ndio naanza kuuchemshia maji." Akapanda baiskeli yake akaondoka, na kijiwe, ambacho kilikuwa cha wanaume watupu, kikaanza kuzungumzia hali ya hewa.

Ukiiacha njia kuu Lusahunga na kushika ya Biharamulo mjini, nchi inalegea. Vilima vinakuwa virefu na vya polepole, miombo inasogea, migomba inawaachia nafasi mahindi na muhogo, na ng'ombe wanavuka barabara kwa wakati wao. Salamu nayo imebadilika. Tuliyoitikia "mwiriwe" tangu Ngara sasa tunaitikia "mwadela". Vijana wanakuja wawili wawili au watatu watatu, sambamba, juu ya Phoenix zilizopambwa kwa vioo, maua ya plastiki na maandishi kwenye madigadi, redio imefungwa usukanini. Hawa wanaongea wakiwa wamepanda. Mmoja alijiunga nasi, akatusindikiza kipande kizima akituuliza mahari ya Tanga ni kiasi gani. Tulipomwambia aliacha kukanyaga kwa mshangao, akabaki nyuma, kisha akatufukuza apate maelezo ya ziada kama ng'ombe hawahitajiki kabisa.

Njia hizi zilikuwa na sifa nyingine zamani. Mapori ya huku yaliwahi kuwa ya majambazi, na magari yalikuwa yakipita kwa msafara wenye askari. Leo sehemu kubwa ya mapori hayo, Biharamulo, Burigi na Kimisi, ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019. Babu mmoja tuliyemkuta mjini, jirani na boma lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne iliyopita, alizikumbuka siku hizo bila chuki. "Mabasi yalisindikizwa na polisi. Sisi wa baiskeli tulisindikizwa na Mungu." Na majambazi? "Walikuwa wanatuhurumia. Mmoja alinisimamisha, akanipekua, akanirudishia shilingi zangu, akaniambia baba, nunua tairi."

Tulikaa kwa babu huyo mpaka giza, tukala ugali wa muhogo na sato. Samaki huyo alileta utani wake. Chato ilikuwa sehemu ya Biharamulo mpaka mwaka 2005, na ilipokatwa kuwa wilaya ilikwenda na ufuko wa Ziwa Viktoria. "Walichukua maji," alisema babu, "wakatuachia njia ya kwenda kuyanunua." Kesi ya Pogačar ilifunguliwa kwa mara ya mwisho. Mwalimu alileta ushahidi mpya: jumla ya milima aliyoipanda mtu yule kwa siku moja inazidi mita 5,000, karibu Kilimanjaro yote kuanzia pwani. Pakawa kimya cha heshima. Kisha babu akauliza swali ambalo hakuna kijiwe kilichowahi kuuliza. Alipokuwa anapanda, alikuwa na nani?

Peke yake, tulisema. Aliwaacha wenzake, zikabaki kilomita nyingi, hakuna aliyemfikia.

"Masikini," alisema babu.

Nimelifikiria neno hilo tangu turudi. Ni rahisi kwangu, mtu wa sponji na gia, kuusifu mlima unaowashusha watu wote na kuwafanya waongee. Mzee wa mstari wa ndizi hakushuka kwa ajili ya mazungumzo. Alishuka kwa sababu mzigo ni mzito, na magoti yake yanajua hesabu ambayo mwalimu wetu hajawahi kuifanya. Yule kijana wa nyuma akipata pikipiki ataupanda mlima ule kwa dakika chache, atapeleka mikungu mingi zaidi, na mtoto wake atapata godoro la shule mapema. Hakuna mtu mwenye haki ya kumwambia abaki kwenye mstari ili wageni wapate cha kucheka. Ninachoweza kusema ni kwamba mstari ule ulikuwa baraza, benki ya habari na mahakama ya ndoa kwa wakati mmoja, na kwamba pikipiki, pamoja na baraka zake zote, haijajenga kitu cha kuziba nafasi hiyo. Bodaboda wana kijiwe chao, ni kweli, lakini ni cha kusubiri abiria. Abiria akija, sentensi inakatwa katikati.

Kijana aliyekuwa akimtengea babu chakula alikuwa amezipenda baiskeli zetu. Aliizunguka ya mwalimu, akaibonyeza tairi, akaiinua kwa vidole viwili, akauliza bei. Mwalimu, ambaye hajui kudanganya kwa tarakimu, akaitaja. Kijana alikaa chini.

"Mwalimu, kwa hela hiyo mimi namaliza mkataba wa boda, naoa, na chenji inanunua Phoenix."

Babu alimkatiza. "Anza na Phoenix. Ukipita kwa kina binti na boda ataona vumbi tu. Mke huposwa na mtu anayesukuma, maana huyo ana muda wa kusalimia nyumba nzima."

"Babu," alisema kijana, akikusanya sahani, "nimesukuma mbele ya nyumba yao mwaka mzima. Nyumba nzima inanipenda. Yeye ndiye anayetaka boda."

Babu alikoroga chai yake, akatutazama sisi watatu na kaptula zetu, akaomba mwalimu ataje tena ile bei.